Mtoto Akililia Wembe, Mfunze Kuunoa

Ukitaka kumjua fundi wa ngozi, usipoteze wakati ukikagua viatu alivyotundika mbele ya kibanda chake. Huenda vimeshonwa na mwingine. Mwombe akuonyeshe kisu chake. Ukiona kisu kimeliwa na jiwe la kunolea hadi kikabaki nusu ya kilivyokuwa, na mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli unaong'aa kwa jasho la kiganja, basi keti. Umefika kwa fundi. Lakini ukiona kisu kipya kinachometameta, huku makali yake yana mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, shika njia uende zako. Hapo ngozi haikatwi, inararuliwa.

Haya sikuyapata vitabuni. Niliyapata kwa kuketi katika vibanda vya mafundi wa Ruiru, ninakoishi, na wa Thika. Kilichonipeleka huko hakikuwa kazi ya gazeti. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa.

Kijana huyu alimaliza kidato cha nne akapata alama za wastani. Mama yake alitaka asomee uhasibu ili siku moja aketi ofisini. Yeye alitaka ngozi. Alikuwa ameona mishipi, pochi na ndara zikiuzwa Kariokor jijini Nairobi, akaamini kwamba mikono yake ingeweza kufanya vivyo hivyo. Dada alikataa katakata. "Sikulipa karo miaka minne," alisema, "ili mwanangu akaketi kando ya barabara akipiga misumari viatu vya watu." Nadhani wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kusema maneno hayo, au wamewahi kuyameza yakiwa yamefika ulimini.

Kijana hakubishana. Aliweka akiba ya vibarua vya ujenzi, akanunua ngozi kidogo pamoja na seti ya visu vya kupendeza, vyenye mipini myekundu, ndani ya kisanduku cha plastiki. Akaanza kazi katika chumba chake cha kupanga mtaani Kihunguro. Baada ya miezi michache Mungu alimfungulia mlango. Walimu wa shule moja walimwagiza mishipi 24 na kumlipa sehemu ya pesa. Akanunua ngozi, akaanza kukata.

Mishipi tisa ya kwanza ilirudishwa. Kingo zake zilikuwa zimeinama upande mmoja, na nyuzi zimechomoza kama mkeka uliochakaa. Kwa hofu ya kula pesa za watu bila kazi, kijana akaongeza nguvu, akaongeza na haraka. Kisu kilipanda juu ya rula, kikateleza, kikakata kidole gumba cha mkono ulioshikilia. Alishonwa nyuzi tano.

Dada alikusanya visu vyote, akavifungia sandukuni, kisha akanipigia simu. "Wewe ndiwe mjomba wake," aliniambia. "Zungumza naye. Mimi sikuzaa mtoto wa kupelekwa hospitali kushonwa kama gunia la mahindi."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa. Deni lilikuwa la mishipi 24. Ngozi iliyobaki ilitosha 15 tu, na hiyo ni kama hataharibu hata mmoja. Pesa za kununua nyingine hazikuwapo.

WEMBE NA WAZAZI

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Maana yake twaijua: mwache ukamkate, atajifunza. Kuna wazazi wanaofanya hivyo hadi leo, wakitoa pesa za vifaa na kungoja ajali ifanye kazi ya ualimu. Wengine, kama dada yangu, huuficha wembe na kudhani wamemaliza maneno. Ukweli wa mambo ni kwamba wote wawili wameiruka kazi yenyewe. Mtoto anayelilia wembe anataka mtu wa kumwonyesha unavyoshikwa na unavyonolewa.

Mimi siwezi kazi hiyo. Mkono wangu umezoea kalamu. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilimchukua mpwa wangu tukapanda matatu kutoka Ruiru hadi Thika, kwa mzee mmoja ambaye muuza viatu wa Makongeni alikuwa amenielekeza kwake. Vijana wa pale humwita Guka, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Usidhani ni ajabu kumpata fundi wa namna hiyo Thika. Mji huu, ulio yapata kilomita 40 kutoka Nairobi, una historia ndefu ya ngozi. Mito ya Chania na Thika ilikuwa na maji, na kazi ya kutengeneza ngozi hunywa maji kuliko ng'ombe mwenyewe. Wakulima wa nyanda za juu walipanda miwati, mti ulioletwa kutoka Australia, wakauza magome yake, na Thika palikuwa na kiwanda cha kukamua dawa ya ngozi kutoka kwa magome hayo. Viwanda vya ngozi kama Bulleys na Leather Industries of Kenya viliujengea mji jina, na ni huko huko serikali ilikoweka kituo cha kufunza utengenezaji wa viatu.

Kisha miaka ya 1990 soko likafunguliwa. Viatu vya mitumba na vile vya bei rahisi kutoka ng'ambo vikafurika, ngozi mbichi ikawa inauzwa nje kwa wingi, na viwanda kadhaa nchini vikafunga milango au kupunguza wafanyakazi. Watu waliokuwa wameshika visu kiwandani wakaenda kuvishika jua kali. Guka ni mmoja wao. "Kiwanda kilibaki na mashine," alituambia akicheka, "mimi nikabaki na mkono."

KISU CHA MTU MWINGINE

Guka hakuuliza habari za kidonda. Alimpa kijana kipande cha ngozi na rula ya chuma, akamwambia atumie kisu kimoja katika vile tulivyokuja navyo. (Nilikuwa nimevikomboa kwa dada kwa ahadi nyingi.) "Kata," akasema. Kijana akakata. Mzee hakuitazama ngozi. Aliutazama mkono.

"Wewe ni shoto?"

"Ndiyo, Guka. Tangu kuzaliwa."

"Na kisu hiki ni cha nani?"

Kijana alinitazama. Hata mimi sikuelewa. Mzee akakigeuza kisu kwenye mwanga na kutuonyesha. Kilikuwa kimenolewa upande mmoja tu, kama patasi. Upande mmoja ulikuwa na mteremko, wa pili ulikuwa bapa kabisa. Kisu cha namna hii kinataka upande ulio bapa uegemee rula. Mtu anayetumia mkono wa kulia huweka rula kushoto kwa kisu, na visu vya seti ile vilinolewa kwa ajili yake. Anayetumia mkono wa kushoto huweka rula kulia. Kwa hiyo kila mara mpwa wangu alipokata, mteremko ndio ulioegemea rula. Kisu kikalala upande, kingo ya ngozi ikainama nacho, na alipoongeza nguvu kikatafuta njia ya kupanda juu ya rula. Juu ya rula palikuwa na kidole gumba.

Msomaji, wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa kuwa mkono wa kushoto hauna adabu. Hausalimii mtu na haupokei chakula. Dada yangu alijaribu kwa miaka kumhamisha kijana huyu mkono, na siku ile ya nyuzi tano alisema mkono huo ndio uliomponza. Guka alisikiliza hadithi hiyo hadi mwisho, kisha akasema: "Mkono hauna kosa. Kisu ndicho cha mtu mwingine."

Twaambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Sawa, shamba lina sheria zake. Lakini katika kazi ya ngozi asiyechagua kisu si fundi bado. Na kuchagua si kutafuta kinachometa. Ni kuuliza maswali mawili: kitashikwa na mkono gani, na kitakata nini?

VISU VYA MEZANI KWA GUKA

Mezani kwa mzee palikuwa na visu vinne tu. Nitakueleza kimoja kimoja, kwani huenda na wewe una kijana nyumbani anayeiota kazi hii.

Cha kwanza ni kisu cha kazi nzito, cha kukatia nyayo na ngozi ya mishipi yenye unene wa milimita 3 au 4. Guka alikitengeneza mwenyewe kutokana na msumeno mnene wa mashine ya kukatia vyuma. Mafundi wengi hutumia misumeno ya mkono iliyochakaa, lakini hapa kuna siri. Siku hizi misumeno mingi ya mkono imeundwa kwa vyuma viwili vilivyounganishwa: meno ni ya chuma kigumu, mgongo ni wa chuma laini kinachopindika. Ukisaga meno ili upate makali, umeusaga ugumu wote na kubaki na bati. Ule ulio wa chuma kigumu kitupu haupindiki sana, hukatika kama biskuti. Huo ndio wa kutafuta. Ukitaka kuuvunja, ufunge kwanza kwa kitambaa kizito na ulinde macho yako, kwani vipande huruka.

Cha pili ni chembamba, chenye ncha kali, cha kukatia mikunjo kama ile ya ndara na pembe za pochi. Kisu kipana hakipindi kona. Ukikilazimisha, kitakata pale kinapotaka chenyewe.

Cha tatu ni kipana kama vidole viwili, kimenolewa upande mmoja kama patasi. Kazi yake ni kupunguza unene wa kingo ili ngozi mbili zikikunjwa au kushonwa pamoja zisiwe na nundu. Hiki hakisukumwi chini, hutambaa juu ya ngozi kama randa juu ya mbao. Kama makali yake yamekatwa mshazari, basi lazima kijulikane ni cha mkono wa kulia au wa kushoto. Guka alikuwa na kimoja tu, cha kulia. Papo hapo akachukua kipande kingine cha chuma na kuanza kumsagia kijana cha kwake, mshazari ukielekea upande wa pili.

Cha nne utakipata katika duka lolote la vifaa vya shule: kile kisu chenye wembe mrefu uliochorwa mistari, ambao ncha ikiwa butu huvunjwa ikatoka mpya. Kilibuniwa mwaka 1956 na Mjapani wa Osaka aitwaye Yoshio Okada, mwanzilishi wa kampuni ya OLFA. Alikuwa akikata karatasi katika kiwanda cha uchapishaji na kuchoshwa na nyembe zinazokuwa butu. Yasemekana akakumbuka mafundi wa viatu waliokuwa wakikwangua nyayo kwa vigae vya kioo, ambao kigae kikiwa butu walikivunja kupata makali mapya. Akakumbuka pia vipande vya chokoleti vinavyovunjika kwa mistari. Kwa hiyo kisu unachomnunulia mtoto cha kukatia kadi, asili yake imepitia kwa fundi wa viatu!

Kisu hiki ni kizuri kwa ngozi nyembamba na kwa anayeanza, kwani wembe wake umenolewa pande zote mbili na haubagui mkono. Nunua chenye wembe wa upana wa milimita 18, si wa milimita 9 ambao hupinda kwenye ngozi. Toa ncha fupi tu, na uhakikishe kimefungwa kisirudi ndani wala kutoka zaidi.

Kuna cha tano ambacho Guka hakuwa nacho ila alikitumia zamani: kisu cha nusu mwezi, makali yake ya mviringo, mpini ukitokea katikati ya mgongo. Ni cha kale sana. Huko Misri, katika kaburi la waziri Rekhmire lililojengwa zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, kuna picha za ukutani za mafundi wa ngozi wakitumia kisu chenye umbo hilo. Nacho hakijali kulia wala kushoto. Lakini ni kigumu kukinoa na ni hatari kwa asiyekizoea, kwa hiyo si cha kuanzia.

MAKALI NDIYO ULINZI

Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Wengi wetu hudhani kisu kikali ndicho hatari, kwa hiyo tunafurahi mtoto anaposhika kibutu. Ni kinyume. Kisu kikali huenda pale unapokielekeza kwa nguvu kidogo. Kisu butu hukataa, nawe ukaongeza nguvu, kikakataa tena, ukaongeza. Kinapoteleza, nguvu zote hizo hazina pa kwenda ila mwilini mwako. Waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama wangeongeza kwamba ndiye pia mwenye vidole kumi.

Guka alimfunza mpwa wangu kunoa kwa Jumamosi tatu kabla ya kumruhusu kukata chochote. Kijana alichoka. Alinong'ona kwamba walimu wanangoja mishipi yao. Mzee akajibu kwamba walishangojea, na wiki mbili zaidi hazitawaangusha suruali.

Utaratibu ni huu. Anza na jiwe lenye upande wa kwaruza na upande laini. Lilowanishe. Inua mgongo wa kisu kidogo, kiasi cha digrii 20 au pungufu. Kama kisu kina upana wa milimita 25, mgongo uinuke milimita 8 hivi kutoka kwenye jiwe. Usibadilishe kipimo hicho katikati ya kazi. Kisu cha pande mbili hunolewa kote sawasawa. Cha upande mmoja hunolewa kwenye mteremko tu, kisha upande bapa hulazwa kabisa juu ya jiwe na kupitishwa mara moja au mbili kuondoa kijiukingo kilichojikunja.

Asiye na pesa za jiwe zuri anunue msasa wa maji, namba 400, 800 na 1,000 au zaidi, na kuulaza juu ya kipande cha kioo. Mwishoni, gundisha kipande cha ngozi juu ya ubao, pakaa dawa ya kung'arishia shaba, na kuvuta kisu juu yake kama vinyozi wa zamani walivyofanya na ukanda wao. Vuta kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali utakata ukanda. Fundi mwenye mazoea hurudia mvuto huu kila baada ya dakika chache za kukata, wala hangoji kisu kiwe butu.

Tahadhari moja juu ya jiwe la umeme. Linaharakisha, lakini pia linaunguza. Chuma cha kawaida, kwa mfano cha tupa kuukuu, kikipata joto hugeuka rangi: kwanza ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, na buluu. Ukiona buluu ujue ugumu umekwenda, na makali yake hayatadumu hadi jioni. Gusisha kidogo, chovya majini, gusisha tena. Haraka haraka haina baraka.

Utajuaje kimekolea? Usijaribu kwa kidole. Shika ukurasa wa gazeti hewani kwa mkono mmoja na uukate. (Hakikisha kwanza umeusoma!) Kisu kikali hupita kimya, kibutu hurarua. Kisha kata pembe ya ngozi isiyotakikana na uitazame. Ukingo ukiwa laini na wa kung'aa, uko tayari. Ukiwa na manyoya, rudi kwenye jiwe.

NGOZI NAYO INA NJIA ZAKE

Kisu kikiwa tayari, bado kuna ngozi. Iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ni ngumu na hukatika safi. Iliyotengenezwa kwa kromu ni laini na hunyumbuka, hivyo huvutwa na kisu na mstari ukapinda. Ibane vizuri, na ukate kwa wepesi. Mishipi hukatwa kando ya uti wa mgongo wa mnyama, ambako ngozi ni thabiti. Ile ya tumboni hurefuka, na mshipi wake baada ya mwezi utashika watu wawili.

Usikatie juu ya saruji, bati wala kioo, utaua makali kwa mkato mmoja. Tumia ubao laini au ule wa plastiki wa jikoni. Pitisha kisu kidogo kidogo, mara mbili au tatu, badala ya kutaka kumaliza kwa mara moja. Kwenye mkunjo, mkono wa kisu utulie na mkono wa pili uzungushe ngozi. Ukikata mpira wa nyayo, lowesha kisu kwa maji, utaona kinavyoteleza.

Na vidole? Kanuni ni moja: kabla ya kuvuta, jiulize kisu kikiteleza sasa hivi kitaishia wapi. Kama jibu ni kidole, paja au tumbo, badilisha mkao. Usikatie mapajani hata siku moja. Kisu kikianguka, mwache kianguke, usijaribu kukidaka. Ajali ikitokea, bana kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na usiufungue kila dakika kuchungulia. Ikiwa damu haikomi, kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, nenda hospitali mara moja, na uulize habari za sindano ya pepopunda.

MISHIPI YA WALIMU

Jumamosi ya nne Guka alimwachia kijana akate. Alikuwa na kisu chake kipya kilichosagwa kwa mkono wa kushoto, mpini umefungwa mpira na yeye mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikihesabu. Wa kwanza ukatoka, kingo zimesimama wima kama ukuta uliopimwa kwa timazi. Wa pili. Wa tatu. Ngozi iliyotosha mishipi 15 ilitoa mishipi 15, wala hakuongeza nguvu hata mara moja.

Zilibaki deni la mishipi tisa na zile tisa zilizoharibika. Guka hakuruhusu itupwe. Walikata ncha zake safi, wakatengeneza vishikio vya funguo na kamba za saa, kijana akaviuza stendi ya Ruiru jioni jioni hadi akapata pesa za ngozi nyingine. Walimu walipata mishipi yao yote wakiwa wamenuna, lakini waliivaa. Mmoja wao ameagiza mkoba.

Dada bado anatamani uhasibu, sitakuficha. Hajasema kwamba amebadili nia, na simjui kuwa mtu wa kusema hivyo. Ila Jumamosi iliyopita alifika Kihunguro akiwa na mfuko wa plastiki, ndani yake visu vyake vyote vya jikoni, akauweka mezani mbele ya mwanawe bila maneno. Kijana akalowanisha jiwe. "Mama," akamwuliza, "wewe hukatia mkono gani?" Dada akafikiri kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa, kisha akainua wa kulia.

Msomaji, huenda mwanao atakuja wiki hii au mwaka ujao akiomba pesa za kununua visu, iwe vya ngozi, vya kuchonga au vya upishi. Usikimbilie kukataa, wala usikimbilie mfuko. Mtafutie kwanza mtu aliyeishi na kazi hiyo, umwombe amtazame mkono. Nunua kisu kimoja, si seti, na pesa zinazobaki zinunue jiwe. Akishindwa kukaa na jiwe kwa Jumamosi tatu, utakuwa umepoteza kidogo na atakuwa na vidole vyake. Asiposhindwa, mpishe mezani afanye kazi.